Kofia ya Kobe

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza. Karakana yetu ya meno ya bandia imenuka plasta mbichi kutwa nzima, na chapa za vinywa tulizomimina asubuhi zilikuwa bado laini saa ya kufunga. Mama Pacha, ninayefanya naye kazi, amesema msimu huu watu watatafuna kwa ufizi mpaka jua litoke. Tuna seti tatu za meno wiki hii. Moja ni ya mwalimu mstaafu anayetaka meno meupe kuliko ya wajukuu wake. Nimemshauri rangi ya wastani, amekataa.

Daftari ni jipya, kwa hiyo naandika mambo yalivyo, kama ninavyobandika lebo kwenye kila chapa kabla ya kuiweka rafuni.

Kobe ni mdogo wangu wa kiume. Tulimpa jina hilo nyumbani kwa sababu Baba akigomba, yeye aliingiza kichwa ndani ya shati mpaka maneno yaishe. Miaka minne iliyopita Baba alimwita mwizi mbele ya wapangaji wote kwa ajili ya pampu ya maji. Pampu ilipatikana kwa fundi, Baba mwenyewe aliipeleka huko akasahau. Kobe alikuwa ameshaondoka na namba yake haipatikani. Baba amekufa bila kumwona tena.

Tunaonana Ng'ambo tu. Ni mchezo wa simu: kila mtu ana nyumba na shamba kando ya mto. Mimi naitwa Sindano humo, yeye Kobe vilevile. Alijitokeza siku moja kwenye ua wangu akaanza kumwagilia mboga zangu bila kusema neno. Nimejifunza masharti yake bila kuambiwa. Haulizwi yuko wapi. Haulizwi atarudi lini. Ukimuuliza anapotea wiki nzima.

Jioni Mama amekaa pembeni yangu na kikombe chake cha chai. "Amevaa ile kofia," akasema. Husema hivyo kila jioni, nami hujibu, "Amevaa, Mama."

Kofia hiyo ya ukindu Mama mwenyewe ndiye aliyemchagulia Kobe kwenye duka la mchezo, akaniagiza niitume. Kobe hajaivua tangu siku hiyo.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Kobe amechelewa. Mama akasema, "Alhamisi huwa anachelewa." Sikuwahi kuona hilo.

Jumatatu, 9 Machi

Tumepanda mahindi pamoja, nusu kwake, nusu kwangu, bila ua katikati. Mahindi ya Ng'ambo hukomaa polepole, yatakuwa tayari mwishoni mwa mwezi. Tulikuwa kwenye safu ya mwisho Kobe alipoandika:

"Mama bado anakohoa?"

Miaka minne, na hilo ndilo swali lake la kwanza kuhusu nyumbani. Nimemsomea Mama. Amejibu haraka kana kwamba Kobe yuko mlangoni na mguu mmoja nje: "Mwambie sikohoi. Mwambie nimepona." Kisha akakohoa, akaziba mdomo kwa kanga, akanitazama kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Nimeandika: "Kidogo, wakati wa mvua."

Jumamosi, 14 Machi

Nanakili maneno yake yote ili nisiyakosee baadaye:

"Dada, tukivuna hii nitakupa namba. Umpe Mama. Usinipigie wewe kwanza, apige yeye."

Mama alinifanya nisome mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amesimama. Akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akauliza, "Mahindi hayo hayawezi kuwekwa mbolea?"

Tumecheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Jumapili, 15 Machi

Mama amechagua atakachomwambia. Hataki kuniambia ni nini.

Jumatano, 18 Machi

Wenye mchezo wameleta toleo jipya. Lilichukua mchana kutwa kuingia kwenye simu yangu, ambayo si changa. Jioni nimefungua, mto una rangi nzuri zaidi, miti inatikisika. Kobe alikuwa shambani akipalilia.

Hana kichwa.

Shati, mikono, jembe, na juu ya kola hakuna kitu. Kofia imepotea na kichwa kimepotea nayo.

Mama kwanza alicheka. "Amejificha. Nani kamgombeza?" Kobe akageuka upande wetu, akatupungia mkono kama kila jioni, shati tupu linalopunga mkono. Mama akaacha kucheka. Akaweka kikombe chini.

"Zima," akasema.

"Mama, ni simu tu. Ni picha imekosea."

"Najua ni picha. Zima."

Alhamisi, 19 Machi

Mama hakuja kukaa. Amesema anachambua mchele. Mchele ulikuwa umechambuliwa jana.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemsimulia Mama Pacha tukiwa tunayeyusha nta. Yeye huwa haachi kumtania mtu, na leo hakuacha. "Shoga, unataabika na kichwa cha katuni? Mimi nina pacha wenye vichwa na hawavitumii." Kisha akaona sikucheka. "Si usubiri? Watakirekebisha wenyewe. Au mwambie avue hiyo kofia."

Nimelifikiria hilo la pili. Ninajua ni kofia, kwa sababu jirani wa ng'ambo ya mto anayevaa ya aina hiyo naye hana kichwa, na wengine wote wako salama. Lakini nimwambie vipi? Kobe ni mtu wa kuhesabu maneno. Nikimwandikia "vua kofia ya Mama", atasikia kitu ambacho sikukisema. Na mahindi yamebaki wiki moja tu. Sitaki kumgusa mahali popote mpaka avune.

Kusubiri ningeweza. Ila Mama jana usiku aliniita chumbani kwake akaniuliza kama naamini kweli Kobe mwenyewe ni mzima, huko aliko.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeifanya leo, na naandika hatua zote.

Kuna kijana ameweka video inayoeleza tatizo hilihili la kofia kwenye simu za zamani. Unaunganisha simu na kompyuta, unafungua folda ya mchezo, unatoa faili la kofia la toleo jipya na kuweka lile la zamani. Alisema hakuna anayedhurika, ni sura tu, si kama unajiongezea mali. Nimeitazama mara mbili kabla ya kugusa kitu.

Nilikwenda karakanani mchana, daktari wetu wa meno huwa hayupo Jumamosi, nikatumia kompyuta ya ofisini. Jambo la kwanza nimetengeneza nakala ya folda nzima kwenye flashi. Hiyo ndiyo kazi yetu. Hatugusi chapa ya mgonjwa kabla hatujamimina ya pili. Ukikwaruza, ukivunja, ukikata jino lisilo lenyewe, unarudi kwenye nakala na mgonjwa hajui kama kulitokea kitu. Miaka tisa sijapoteza kinywa cha mtu.

Mchezo ulipofunguka ulitoa maandishi madogo: baadhi ya faili hazilingani na toleo. Chini yake kulikuwa na "Endelea". Nimebonyeza Endelea.

Jioni nilimwita Mama nisimwambie kitu. Alikuja amejifunga kanga kichwani, uso umekazwa kama anayekwenda kutambua maiti. Kobe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake. Alikuwa na kichwa, na kofia, na lile tabasamu ambalo wanampa kila mtu lakini kwake linakaa vizuri.

Mama aliketi pembeni yangu. Kisha akasema, "Amevaa ile kofia."

"Amevaa, Mama."

Jumapili, 22 Machi

Mahindi yametoa nywele. Mama amekaa nami mpaka chai ikapoa. Siku njema kabisa.

Jumatatu, 23 Machi

Jioni nimefungua. Ulitokea ukurasa mweupe:

"Akaunti ya Sindano imefungwa daima. Sababu: faili za mchezo zimebadilishwa."

Nimezima, nimewasha. Nimefuta mchezo nikauweka upya. Nimekimbia na mvua mpaka karakanani, nimechukua flashi, nimerudisha kila faili mahali pake kutoka kwenye nakala, moja baada ya jingine, nikilinganisha majina. Zote zimekaa sawa. Ukurasa ni uleule.

Mama alikuwa bado amekaa pale nilipomwacha, na kikombe. "Bado haujafunguka?"

Nikamwambia ni mtandao, kwa ajili ya mvua.

Jumanne, 24 Machi

Nimempelekea simu fundi wa simu wa kwenye kona. Ni mtu wa maneno mengi, na leo nilimvumilia kwa sababu anajua.

"Dada, ungeniletea simu kabla ya kuharibu, si baada. Sasa nifanyeje, nikuimbie?"

"Nina nakala ya kila kitu. Haikuguswa."

Akaishika flashi akaigeuzageuza, akanirudishia. Akaacha mzaha. "Sikiliza. Hii uliyonayo wewe ni nguo tu. Mtu mwenyewe yuko kwao, kwenye kompyuta zao. Shamba, nyumba, jina, viko kule. Ukifungua mchezo, wao wanakagua nguo uliyovaa. Uliingia na kiraka, wakaandika. Hata ukirudi umevaa nguo ileile ya mwanzo, kule kwao kumeshaandikwa."

"Lakini ilikuwa kofia tu. Sikujiongezea hata punje ya mahindi."

"Mashine haijui kofia. Inajua limebadilishwa au halijabadilishwa. Wezi wa mchezo nao huanza na faili hizohizo." Akanitazama. "Ulikuwa na vitu vingi humo?"

Nikasema nilikuwa na mtu mmoja.

Jumatano, 25 Machi

Nimemwambia Mama ukweli. Nilijiandaa kugombezwa. Aliniuliza jambo moja: "Na yeye, akifungua, anaona nini upande wetu?"

Sikujua. Nimemwomba yule jirani wa ng'ambo ya mto, kupitia kundi la wachezaji, anitazamie. Amejibu kwamba nyumba yangu haipo. Kwenye ubao wa kijiji kumebandikwa tangazo, hubandikwa kila mtu anapotolewa: "Sindano ameondolewa kwa udanganyifu."

Mama akasema taratibu, "Kobe hataamini. Huyo anajua kusingiziwa."

Ndiyo. Lakini mimi sikusingiziwa. Nilifanya.

Ijumaa, 27 Machi

Nimewaandikia wenye mchezo. Nimeeleza kofia, simu ya zamani, tarehe, faili lipi. Nimeeleza na mdogo wangu, ingawa hapakuwa na nafasi ya hilo, nikalitia kwenye "Maelezo mengine".

Nilimwomba pia yule jirani ampe Kobe ujumbe. Amesema Kobe hapokei ujumbe wa mtu asiye kwenye orodha yake, na kwenye orodha yake nilikuwamo mimi tu.

Jumapili, 29 Machi

Leo mahindi yamekomaa. Mama hakutaja. Alivaa gauni la kutokea, akakaa sebuleni mpaka giza, akalivua.

Jumatano, 1 Aprili

Wamejibu. Mistari minne. Uamuzi hautarejewa.

Mama Pacha amesoma akiwa nyuma ya bega langu, nikangoja dhihaka. Hakuna. Alasiri nilisaga jino la mbele la mwalimu mstaafu mpaka likapita kiasi, sijui nilikuwa naangalia nini. Nilipotoka kunawa nikarudi, alikuwa ameshalitoa na anapanga jipya kwenye nta. "Kaa," akasema bila kuinua macho. "Leo mikono yako haiko hapa."

Nilikuwa namwona mtu wa kelele tu, miaka yote hiyo.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua kutwa. Paa la karakana linavuja juu ya rafu ya chapa. Tumehamisha vinywa vya watu wote mezani na kuvifunika nailoni.

Jumatatu, 6 Aprili

Wenye mchezo wametoa toleo jingine. Nimesoma maelezo yake kwenye kundi. La tatu kutoka juu: "Tumerekebisha tatizo la kofia kwenye simu za zamani."

Sijamwambia Mama.

Jumamosi, 11 Aprili

Fundi simu amenipa njia moja halali: nianze upya kama mtu mgeni. Jina la Sindano limefungwa, kwa hiyo nimejiita Uzi. Wageni huanzia ukingo wa chini, penye mawe, na kijembe cha mbao. Hawaruhusiwi kuvuka daraja mpaka wafikie ngazi ya ishirini.

Mama amerudi kukaa pembeni. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Mbona amekonda hivyo?"

Jumanne, 14 Aprili

Ngazi ya tatu. Kung'oa mawe.

Jumatano, 15 Aprili

Mawe.

Jumapili, 19 Aprili

Ngazi ya saba. Nimegundua Mama anamjua Kobe kwa njia ambayo sikuijua. Leo, nikiwa nachota maji, alisema anafikiri Kobe anafanya kazi ya zamu, kwa sababu wiki moja hufika mapema na wiki inayofuata hufika anasinzia, anasahau jembe shambani. Alisema aliko kuna mvua kama kwetu, maana siku ya radi kubwa mtandao ulikatika kwetu na kwake kwa pamoja. Alisema anaishi peke yake. "Mtu anayeishi na watu haendi kukaa kizingitini kila siku saa ya chakula."

Nilidhani amekuwa akitazama kofia.

Alhamisi, 30 Aprili

Ngazi ya kumi na tatu. Kikohozi cha Mama hakijaisha, na mvua nayo haijaisha.

Jumamosi, 9 Mei

Fundi simu ana programu inayoweza kumrusha Uzi mpaka ngazi ya ishirini kwa siku moja. Kabla sijafungua mdomo, Mama, ambaye nilikuwa napita naye tu kutoka hospitali, alisema, "Kijana, weka mfukoni. Sisi tunatembea kwa miguu."

Jumapili, 24 Mei

Leo tumevuka daraja.

Mvua ilikuwa imeacha tangu juzi, na dirisha lilikuwa wazi kwa mara ya kwanza msimu huu. Mama alishika upande mmoja wa simu, mimi upande wa pili. Nilimpeleka Uzi polepole, kwa sababu aliniomba nisikimbie.

Shamba la pamoja, nusu ya Kobe ilikuwa imevunwa na mabua yamelazwa vizuri. Nusu yangu ni kichaka. Akaunti ikifungwa ardhi hurudi porini, na mahindi yangu yalikwenda nayo. Nyumba yangu haipo. Mahali ilipokuwa pana benchi.

Benchi la mbao la watu wawili, lile la bei kubwa dukani. Kobe ameketi upande wa kushoto, amelala. Mtu akitoka kwenye mchezo mwili wake hubaki umelala pale alipouacha. Nilimgusa kuona maelezo. Hajafungua tangu wiki ya mavuno.

Ana kichwa. Ana kofia. Imerekebishwa vizuri, hata nyuzi za ukindu zinaonekana.

Kando ya benchi amesimamisha kibao. Nilimsogeza Uzi mpaka pua ikakaribia kugusa mbao. Kuna mistari miwili ya maandishi, imefifia kama kitu kilicho chini ya maji, na juu yake maneno ya mchezo: "Kibao hiki husomwa na jirani wa mwenye nyumba tu." Jirani aliyemwandikisha Kobe ni Sindano tu.

Mstari wa pili ni mfupi. Unaweza kuwa namba. Unaweza kuwa kwaheri.

Mama ndiye aliyesema kwanza, nami najua tulikuwa tunafikiria kitu kimoja, maana alisema, "Maandishi hayo yamo ndani ya simu hii?"

"Yamo, Mama. Yamefichwa tu. Kuna faili. Nikilifungua nikabadilisha neno moja, yatasomeka."

"Na huyu Uzi?"

"Wakiona, watamfunga. Wanaweza wasione."

Mama alisogeza kidole mpaka kikafika juu ya uso wa Kobe, asiguse kioo. Alikitazama kibao. Alimtazama Kobe. Kikohozi kikaja, akakisubiri kipite.

"Usiguse," akasema. "Akiamka asikute tena mtu ameondoka."

Nimetuma ombi la ujirani. Litamsubiri mpaka afungue, kama atafungua, na kwa kawaida yake atalikataa, maana hapokei wageni. Hakuna zaidi ninaloruhusiwa kufanya. Isipokuwa benchi. Benchi lolote la nje mgeni anaruhusiwa kukaa.

Nimemketisha Uzi upande wa kulia. Amekaa amenyooka na viatu vyake vya ngazi ya ishirini, mtu asiyejulikana, karibu kabisa na Kobe mpaka kofia inamgusa bega.

"Mwambie asogee kidogo," Mama akasema. "Anambana."

Nimemsogeza. Mama ameniomba nisifunge mchezo, niiegemeze simu kwenye kopo la sukari. Sasa naandika huku chai yake ikipoa, naye amekaa mbele yao wawili na mikono mapajani.

"Amevaa ile kofia," amesema.

"Amevaa, Mama."